Tone la Adhuhuri

Siku ya kwanza ya Ramadhani, mwaka ule ambao mvua za El Niño zilikataa kuondoka hata Januari ikaingia, Mwalimu Idarous alimaliza sala ya adhuhuri, akatoka kwenye baraza ya msikiti wa Majengo, Thika, akaketi mahali pake pa siku zote. Aliegemeza kisogo ukutani, akalipanua jicho la kushoto kwa vidole viwili, akadondosha tone moja la dawa. Tone lilimuuma kidogo kama ilivyo kawaida yake. Alipofumba na kufumbua alihisi jambo ambalo kwa miezi miwili alikuwa akilihisi bila kulijali: uchungu, mwembamba kama uzi, ukiteremka nyuma ya pua na kutua kooni.

Alikaa na uchungu ule. Mferejini maji yalikuwa yakienda kwa kishindo, na watu wachache waliochoka na saumu ya kwanza walikuwa wamejinyoosha barazani wakipumzika. Yeye alikuwa ameusomesha mlango wa saumu tangu baba zao wengi wakiwa vijana, na lau mmoja wao angemuuliza juu ya jambo hilo, angemjibu bila kufungua kitabu. Lakini huu uchungu ulikuwa kooni mwake mwenyewe. Alitoa leso, akatema mate, akatema tena, akajifuta ulimi. Kisha akakifunga kichupa na kukitia mfukoni mwa kanzu, mbali kabisa, chini ya tasbihi.

Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kwenda zamani, taratibu na bila kuaga. La kushoto lilikuwa limebakiwa na duara dogo la katikati, akawa kama mtu aitazamaye dunia kupitia shingo ya chupa. Kwa duara hilo aliweza kusoma kitabu maneno machache machache, na kuuona uso wa mkewe, Bi Muna, endapo angeketi mbele yake na si ubavuni. Hakuwa akiomba zaidi ya hapo. Alichomwomba Mola wake kila alfajiri ni kwamba duara hilo liachwe lilivyo.

Kabla ya matone, alikuwa amekula vidonge kwa miaka mitatu. Vidonge viliishusha presha ya jicho, na vikamshusha na yeye pamoja nayo. Vidole vilimchonyota kana kwamba amevilalia. Soda ilikuwa na ladha ya chuma. Hamu ya chakula ilimtoka, na uchovu ukamwingia mifupani, uchovu wa mtu anayeamka akiwa tayari amechoka. Baya zaidi, kibofu hakikumpa nafasi: mara ngapi alisimama mbele ya safu kusalisha, akabana, akashindwa, akamvuta mtu wa nyuma yake ashike mahali pake, naye akatoka kichwa chini kwenda kutawadha upya. Mwishowe aliacha kusalisha. Hakuna aliyemwambia aache.

Aliyemfahamisha sababu ya mateso hayo alikuwa Farhiya, binti wa marehemu nduguye Ayub, ambaye yeye na Bi Muna walimlea tangu akiwa na meno ya utoto. Farhiya alikuwa mtafiti wa dawa katika maabara ya chuo kikuu kilicho karibu na Kahawa, na alipanga chumba Kahawa Wendani, katikati ya wanafunzi waliopiga muziki hata wakati wa mitihani. Alimweleza ami yake kwamba ndani ya jicho mna kiwanda kidogo kinachotengeneza maji, na kinachokiendesha ni kimeng'enya, kichocheo cha kazi za mwili, kilichobeba chembe moja ya madini ya zinki moyoni mwake. Pasipo zinki hiyo, hakifanyi kitu. Dawa nayo ni molekuli ndogo mno ambayo kichwa chake hukaa juu ya ile zinki, kikaiziba, na maji ya jicho yakapungua. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho hakiko jichoni peke yake. Kimo damuni, kwenye figo, hata mdomoni.

"Kidonge hakijui anwani, Ami," alimwambia. "Kinabisha hodi nyumba zote."

Kwa hiyo Farhiya akataka kutengeneza dawa ya kudondoshwa jichoni, ibishe hodi nyumba moja tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa miaka sita. Kimeng'enya cha kufanyia majaribio alikitoa kwenye damu ya ng'ombe, iliyochukuliwa kwa mtungi kutoka machinjioni Ruiru, kwa kuwa damu imejaa vimeng'enya vya namna hiyo. Mwalimu Idarous aliposikia habari ya damu, swali lake la kwanza lilikuwa juu ya nguo. Farhiya akamhakikishia kwamba huoga na kubadili kila kitu kabla ya kukanyaga mkeka wake, naye akaridhika. Farhiya akaunda molekuli moja baada ya nyingine. Zilizoishika zinki barabara zilikataa kuyeyuka katika maji, zikatuama chini ya chupa kama chokaa. Zilizokubali kuyeyuka ziliishika zinki kwa ulegevu, au ziliwatoa machozi sungura wa majaribio. Kila alipokuja Thika, Bi Muna alimuuliza kama dawa imeiva, kana kwamba ni chungu cha maharagwe, na Farhiya akacheka na kusema bado.

Kisha mwalimu wake wa chuo kikuu akarudi kutoka mkutano wa ng'ambo akiwa na vichupa kadhaa mkobani. Huko ng'ambo walikuwa wamekwisha kuipata. Walichukua kichwa kile kile kinachokalia zinki, wakakiunganisha na kimkia kinachopenda maji. Farhiya alivileta vichupa hivyo Thika siku hiyo hiyo, akamtilia ami yake tone la kwanza kwa mkono wake, akacheka sana. Bi Muna peke yake ndiye aliyeona jinsi Farhiya alivyobaki mbele ya bomba la maji baada ya kunawa, bomba likiwa limefungwa, mikono ikichuruzika, akitazama ukuta.

Matone yalimfaa mzee. Vidole viliacha kumchonyota, chakula kikarudi na ladha yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu aliswali rakaa zote bila kuhesabu hatua za kwenda chooni. Mara tatu kwa siku: asubuhi, adhuhuri, na kabla ya kulala. Lile la adhuhuri alilitilia barazani, baada ya sala, watu wakaona na kuzoea.

Hayo yote yalikuwa kabla ya mwezi kuandama.

Jumapili ya kwanza ya Ramadhani Farhiya alikuja kufuturu. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa namna ambayo walilazimika kupaza sauti. Mwalimu Idarous alingoja hadi tende na uji vikapita, akasema:

"Nikuulize neno la kazi yako. Uchungu huu wa kooni, unatoka jichoni kweli, au ni mawazo ya mzee mwenye njaa?"

Farhiya alikiweka chini kikombe chake. "Ni dawa yenyewe, Ami. Kuna njia."

"Ya namna gani?"

"Kifereji. Kinaanzia hapa." Aligusa pembe ya jicho lake iliyo karibu na pua. "Kinatokea puani, kinashuka kooni. Ndiyo maana mtu akilia, pua nayo hutoa maji."

"Ni tundu, au ni kama mafuta yanywewayo na ngozi?"

Farhiya alijua anaulizwa nini. Alikuwa amekaa miaka mingi juu ya mkeka ule ule, akajifunza kutoka kinywa kile kile kwamba jicho si tundu la wazi, na kwamba kwa sababu hiyo kinachotiwa humo hakiharibu saumu. Alijifunza pia kutosema uongo, hata wa huruma.

"Ni tundu, Ami. Dogo sana. Lakini ni tundu."

"Na wewe nawe," Bi Muna akamwambia, akimsogezea sahani ya sambusa, "hukuweza hata kukohoa kwanza?"

Mwalimu Idarous aliomba maji, akanywa, akaanza kuzungumza habari za Mto Chania uliovunja kingo. Lakini moyoni alikuwa tayari ameshapanga. Matone ni matatu, na usiku una nafasi ya matatu: moja baada ya futari, moja kabla ya kulala, moja wakati wa daku. Dawa isingepungua na saumu isingetiliwa shaka. Aliuona mpango huo kuwa mzuri, na kwa kuwa ulikuwa baina yake na Mola wake, hakuona haja ya kumweleza mtu. Aliuita uangalifu. Tangu ujana wake, chochote kilichokuwa na shaka alikiruhusu kwa watu na kujinyima yeye, na katika tabia zake zote hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi.

Siku zikaenda. Ilipofika katikati ya mwezi, kila alasiri jicho lilikuwa zito kana kwamba kuna mtu anayelikandamiza kwa kidole kutokea ndani. Herufi zikaanza kuogelea. Siku moja alikanyaga ukingo wa mfereji akidhani ni ardhi, akaingia maji hadi gotini, na watoto wa madrasa wakamvuta huku wakizuia kicheko. Alisema ni njaa. Alisema ni mvua, ni umri. Alipofunga darsa alikuwa hoi, akalala pale pale juu ya mkeka hadi Bi Muna alipotuma mtu kumwamsha.

Farhiya aligundua kwa sababu ya tende. Mzee aliunyosha mkono kwenye sahani, akaikosa, akashika hewa kando yake, kisha akatabasamu kama aliyekusudia. Keshoye Farhiya aliomba ruhusa kazini, akampeleka Ruiru, kwenye kliniki ndogo ya macho ya daktari Mbaluka, mtu mpole kutoka Machakos ambaye alikuwa amemtazama mzee kwa miaka yote hiyo.

Daktari alipima, akapima tena. Akasema presha imerudi ilikokuwa kabla ya vidonge, na duara limepungua upande wa chini. Kilichopotea hakitarudi, alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi na hajapata njia nyepesi ya kuyasema. Akauliza kama dawa inatiwa. Mzee akajibu kwamba inatiwa, mara tatu, haijapita hata siku moja. Wala hakusema uongo.

Ni Farhiya aliyemuuliza, walipotoka na kuketi kwenye benchi la ukumbini, inatiwa saa ngapi. Mzee alipomweleza, Farhiya alivuta uzi uliolegea kwenye mkono wa buibui lake. Kisha akasema, kwa upole, kwamba ile molekuli haiikalii zinki milele. Huikalia kwa saa chache, kisha huondoka, ikachukuliwa na machozi na damu. Matone matatu ya usiku ni kama walinzi watatu wanaolinda duka pamoja, halafu wote wanakwenda nyumbani alfajiri. Mchana kutwa kile kimeng'enya kilikuwa huru, kikitengeneza maji. Hakijui Ramadhani.

"Ilinipasa kukuuliza," alisema. "Nilipokwambia habari ya tundu, ilinipasa kukuuliza utafanya nini."

Kabla mzee hajamjibu, mlango wa daktari ukafunguliwa, akatoka mwanamke mnene aliyejifunga leso mbili, akiminya kichupa kidogo mkononi. Alikuwa Fatu, muuza kabeji wa soko la Thika, ambaye aliingia Uislamu alipoolewa na Adan fundi wa baiskeli, na ambaye wenzake sokoni hadi leo humwita Wakonyo.

"Ai, Mwalimu! Hata wewe uko huku?" Alijitupa kwenye benchi, likalia. "Huyo daktari amenigombeza kama mtoto. Eti presha ya macho imepanda. Nikamwambia, mimi dawa sikosi, niliambiwa mara nne na naweka zote nne. Usiku."

"Nani alikuambia utie usiku?"

"Si ni wewe?"

"Mimi sikukuambia neno lolote, mama."

"Si lazima useme." Fatu alicheka. "Adan hupumzika hapo kwa baraza mchana. Akaniambia Mwalimu aliweka dawa siku ya kwanza, halafu akatema mate kama mtu amekunywa sumu, na hajaweka tena. Nikasema basi. Kama Mwalimu ameogopa, mimi Wakonyo wa kabeji ni nani? Na si mimi peke yangu. Hata yule mzee wa kushona viatu ameacha yake."

Mwalimu Idarous aliisikia mvua nje kama mara ya kwanza. Akamwambia Fatu, kwa sauti ya darsa, kwamba dawa ya jicho haivunji saumu, kwamba waliotangulia wamelisema hilo, na kwamba atie matone yake kama alivyoagizwa, mchana na usiku.

Fatu alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akaugeuza uso wake mzima amwone vizuri, kwa kuwa naye hakuwa akiona pembeni.

"Yaani mimi niweke," alisema, "na wewe usiweke?"

Hakuwa na kejeli. Alikuwa akiuliza tu, kama mtu anayeuliza bei.

Walipotoka kliniki mvua ilikuwa bado nzito, wakajibanza chini ya upenu wa duka la mbegu. Watu wa Ruiru walipita mbio na magunia vichwani. Mzee akaanza kusema polepole, si kwa Farhiya hasa.

Alisema kwamba waliotangulia walijitia wanja mchana wa saumu, na wanja nao una ladha. Waliuonja kooni. Wameandika kwamba waliuonja, na juu ya hayo wakahukumu kwamba saumu ni salama. Hawakuwa wakingoja mtu wa maabara aje kuwaonyesha kifereji ndipo wajue kwamba kitu hufika. Walijua kinafika, wakasema hakidhuru. Yeye alikuwa ameusoma ukurasa huo labda kila Ramadhani ya maisha yake, na akaupita kwa sababu alitaka kuwa mwangalifu kuliko wao.

"Ulisema kweli uliponijibu," alimwambia. "Mimi ndiye niliyeipa kweli yako kazi isiyokuwa yake."

Farhiya alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Upenu ulikuwa ukivuja. Akamwambia kuna jambo dogo. Akitia tone, afumbe jicho na abonyeze kwa kidole pale pembeni mwa pua, kifereji kifungike kwa muda. Dawa itabaki zaidi jichoni, na kooni itafika kidogo. Abonyeze kwa muda gani, aliuliza mzee. Farhiya akafikiri. Kadiri ya kusoma Yasini mpaka ukurasa wa kwanza uishe, alisema, bila haraka.

"Uchungu hautafika kabisa?"

"Utafika, Ami. Kidogo, lakini utafika."

Safari hii pia hakukohoa kwanza.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, watu walijaa barazani kwa darsa. Ua ulikuwa matope na hapakuwa na pengine pa kukaa. Wanawake walikaa upande wao, pazia likiwa limevutwa kando kama ilivyo desturi wakati wa darsa. Mwalimu Idarous alimwona Fatu pale tu alipogeuza kichwa chote. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka sokoni, majani ya kabeji yakiwa yamenasa kwenye leso yake. Adan alikuwa nguzoni. Mzee wa viatu alikuwa mbele, akisinzia.

Hakufungua kitabu. Aliwaambia kwamba kabla ya mlango wa leo ana jambo la kufanya, na kwamba wanaotumia dawa za macho watazame. Akatoa kichupa mfukoni. Akaegemeza kisogo ukutani, akalipanua jicho, akadondosha. Kisha akafumba, akabonyeza kwa kidole cha shahada kwenye pembe ya pua, akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini.

Katikati ya kisomo ilimjia fikira tamu: kwamba angeweza kuilipa siku hii. Baada ya Idi, siku moja ya saumu, kimyakimya, bila mtu kujua, na shaka yote ingeondoka. Ilikuwa fikira nyepesi, na aliizoea sana. Aliitambua kama mtu anavyozitambua hatua za mgeni wake wa kila siku. Angewapa watu hukumu moja na kubaki na nyingine nyumbani kwake. Na Adan, au mwingine wa kama Adan, angemwona akifunga. Alichoka kwa kuitazama tu. Akaiacha iende zake, akaendelea kusoma.

Uchungu ulifika. Ulikuwa mdogo kuliko siku zote, mdogo kuliko maji yanayobaki kinywani baada ya kusukutua kwa udhu, lakini ulifika, na watu wote walikuwa wakilitazama koo lake. Leso ilikuwa mfukoni. Hakuigusa. Alimeza mate, na fundo la koo likapanda na kushuka mbele yao.

"Imefika, Mwalimu?" Fatu aliuliza kutoka upande wa wanawake.

"Imefika."

"Sasa?"

"Sasa umo katika saumu yako. Fungua chupa yako."

Kukawa na mnong'ono na kupekuapekua. Fatu alifungua fundo la leso, akatoa kichupa, akalala chali kidogo mapajani mwa jirani yake, ambaye alimshikilia kope huku akilalamika kwamba mikono yake inanuka vitunguu. Mzee wa viatu aliamshwa, akaulizwa yake iko wapi, akasema nyumbani, akaambiwa akailete.

Mwalimu Idarous alikuwa bado amebonyeza kidole chake. Ukurasa ulikuwa haujaisha, naye hakuwa na haraka. Alipofumbua jicho, lile duara lilikuwa pale, dogo kuliko la mwezi wa Shaabani, na ndani yake mlikuwa na kipande cha mkeka, ncha ya kitabu na mkono wa mtu. Alikivuta kitabu mpaka kikaingia ndani ya duara, akatafuta mahali walipoishia jana.

Alichukua muda kupaona. Walimngoja.